Waimbaji Huzaliwa au Hufundishwa?

Kuna maneno ambayo kila kwaya iliyoimba vizuri huambiwa ibada ikiisha: "Nyinyi mmezaliwa na sauti." Husemwa kwa mapenzi, na mwanakwaya huyapokea kwa tabasamu na kumrudishia Mungu sifa. Lakini maneno hayo yana ndugu yake, ambayo husemwa kwa sauti ya chini. Hayo huambiwa kijana anayetaka kujiunga: "Wewe huna sauti. Mtumikie Mungu kwa njia nyingine." Kauli zote mbili zinatokana na imani moja, kwamba kuimba ni kitu ambacho mtu alizaliwa nacho au alinyimwa tangu tumboni.

Mwaka wa jubilei ni wakati mwema wa kuipima imani hiyo. Katika Walawi 25, jubilei ni mwaka wa kurudisha kila kitu kwa mwenyewe. Basi na sisi tuulize: sifa ambazo kwaya imepewa kwa miaka yote hii ni za nani? Ni za koo zilizobarikiwa sauti nzuri, au ni za walimu waliosimama mbele yetu Jumamosi baada ya Jumamosi? Jibu litaamua ni nani tutamshukuru leo, na ni nani tutamfungulia mlango kesho.

Wahenga wenyewe walituachia methali mbili ambazo hazisemi jambo moja. Ya kwanza ni "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Ya pili ni "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta." Wengi huzichukua kama methali za maana moja, lakini ukiitazama ya pili kwa makini utaona tofauti. Mwana wa mhunzi hakuzaliwa na chuma katika damu yake. Amekulia penye moto na mivukuto, akimtazama baba yake kila siku. Hata asipojua kufua chuma, walau kuvukuta anajua, kwa sababu kazi hiyo imemwingia mikononi kabla hajaitwa mwanafunzi. Historia ya uimbaji wa kwaya, tangu Yerusalemu hadi huku kwetu Kakamega, imekuwa mvutano kati ya methali hizi mbili.

Kwaya ya Hekalu

Tuanze na kwaya ambayo Biblia inaieleza kwa urefu kuliko zote. Mfalme Daudi alipopanga huduma ya nyumba ya Bwana, aliwatenga wana wa Asafu, wa Hemani na wa Yeduthuni. Hapa mtu wa methali ya kwanza atafurahi, maana hizi ni familia tatu, na uimbaji unapita kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Lakini soma 1 Mambo ya Nyakati 25:7. Mwandishi anatoa hesabu ya waimbaji hao, 288, na anaeleza kwamba ni watu waliofundishwa kumwimbia Bwana. Hakusema walizaliwa hivyo. Mstari unaofuata unaongeza kwamba zamu zao zilipangwa kwa kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Maana yake ni kwamba ndani ya kwaya ya Hekalu walikuwamo watu ambao bado walikuwa wanajifunza, na hawakufichwa nyuma hadi wakamilike.

Tena, sura ya 15 ya kitabu hicho inamtaja Kenania, mkuu wa Walawi katika kuimba. Kazi aliyopewa ilikuwa kufundisha, na sababu iliyotolewa ni kwamba alikuwa stadi. Kwa hiyo kwaya ya kwanza tunayoijua vizuri katika Maandiko ilikuwa na familia, ilikuwa na mwalimu, na ilikuwa na wanafunzi. Ilikuwa shule.

Mtawa, mwanamke na mchungaji

Kwa karne nyingi baada ya hapo, wimbo wa kanisa ulijifunzwa kwa kusikiliza na kukariri. Mwimbaji alikaa karibu na mkubwa wake na kuzishika nyimbo moja moja kwa kichwa. Karibu na mwaka 1030, mtawa mmoja wa Italia aliyeitwa Guido, wa mji wa Arezzo, alilalamika kwamba waimbaji walimaliza miaka 10 wakijifunza, na bado hawakuweza kuimba wimbo mpya bila kusaidiwa. Alichukua wimbo wa kale wa kumsifu Yohana Mbatizaji, ambao kila kipande chake kilianza noti moja juu ya kile kilichotangulia, akazipa noti majina kutokana na silabi za mwanzo: ut, re, mi, fa, sol, la. Kwa njia hiyo vijana wake waliweza kusoma wimbo ambao hawajawahi kuusikia. Masikio ya vijana hao yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni namna ya kuwafundisha.

Miaka 800 baadaye, katika mji wa Norwich, Uingereza, mwalimu aliyeitwa Sarah Glover aliirahisisha njia hiyo ili watoto na washirika wa kawaida waweze kuimba zaburi. Mwaka 1841, mchungaji kijana John Curwen aliombwa na walimu wa Shule ya Jumapili atafute njia bora ya kufundisha nyimbo. Curwen hakuwa mwanamuziki. Alijifunza kwanza yeye mwenyewe kwa njia ya Glover, kisha akaieneza. Hiyo ndiyo solfa tunayoitumia: d, r, m, f, s, l, t. Haihitaji karatasi yenye mistari mitano wala mashine maalum ya kuchapa, kwa kuwa herufi za kawaida zinatosha. Ubao, chaki na mwalimu mwenye subira ndiyo mahitaji yake yote. Curwen aliilenga kwa watoto wa Shule ya Jumapili na wafanyakazi ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kwamba wana kipaji.

Sasa angalia jambo lililotokea katika nchi ile ile, miaka ile ile. Mwaka 1869 mwanasayansi Francis Galton, binamu yake Charles Darwin, alichapisha kitabu cha kuthibitisha kwamba uwezo mkubwa wa akili na sanaa hurithiwa katika damu. Alihesabu familia za watu mashuhuri, majaji, washairi, wanamuziki, akaonyesha jinsi mashuhuri huzaa mashuhuri. Hakuishia hapo. Aliyapanga mataifa kwa ngazi, na sisi Waafrika akatuweka chini ya Wazungu. Hakujiuliza sana kama mwana wa jaji alisaidiwa na vitabu vya baba yake na marafiki wa baba yake, kuliko damu ya baba yake.

Curwen na Galton waliishi wakati mmoja. Mmoja alihesabu watu waliokwisha kufaulu, na mwingine aliwafundisha wale ambao hawajafundishwa. Mawazo yote mawili yalipanda meli yakaja Afrika. Wazo la Galton lilikuja pamoja na watawala walioamini kwamba Mwafrika anafaa kazi za mikono tu. Wazo la Curwen lilikuja katika masanduku ya wamishonari, likashuka kwenye madarasa ya udongo. Mwaka 1897, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, ambaye pia alikuwa kiongozi wa kwaya, alitunga wimbo wa kuiombea Afrika, "Nkosi Sikelel' iAfrika", akauandika kwa solfa. Leo wimbo huo unaimbwa Tanzania kama "Mungu ibariki Afrika", na ni sehemu ya wimbo wa taifa wa Afrika Kusini. Herufi zile saba zilifika mbali.

Huku kwetu

Hatukungoja meli ili tujue kuimba. Kabla ya misheni, Waluhya waliimba wakati wa kulima, kuozesha, kutahiri na kuzika. Mtoto alifungwa mgongoni mwa mama anayeimba, akatembea nyuma ya ndugu wanaoimba, na siku ya tohara aliimbiwa na kijiji kizima. Lugha yenyewe ilimfunza, maana katika Kiluhya, Kikabras kikiwamo, kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadilisha maana ya neno. Mtoto anayejifunza kusema anajifunza pia kusikiliza kimo cha sauti. Mgeni akija akasikia, husema, "Waafrika wamezaliwa wakiimba." Anadhani anatusifu, lakini anatunyang'anya jasho letu. Mtoto wa Malava akilelewa tangu uchanga katika nyumba ya London ambako hakuna anayeimba, hataanzisha ingoma kwa nguvu za damu. Na mtoto wa London akilelewa hapa, atacheza isukuti kabla hajajua kusoma.

Mwaka 1902 wamishonari wa Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi. Kazi yao ilienea Vihiga, Lirhanda, Lugulu na hapa Malava, ambapo waliweka mojawapo ya vituo vyao. Waanglikana, Wakatoliki, Kanisa la Mungu kule Kima, Wapentekoste na Jeshi la Wokovu nao walifungua milango yao katika nchi ya Waluhya. Kuhusu Marafiki kuna jambo linalogusa swali letu moja kwa moja. Marafiki wa kale wa Uingereza, tangu siku za George Fox katika karne ya 17, waliabudu kwa ukimya. Hawakuwa na kwaya wala kinanda katika ibada yao. Kama uimbaji ungerithiwa kutoka kwa mababa wa imani, basi watoto wa Marafiki wa Magharibi mwa Kenya wangekaa kimya hadi leo. Lakini wamishonari waliokuja Kaimosi walitoka katika tawi lililokwisha kuzipokea nyimbo, nao walizifundisha. Mwalimu alitoa mstari, watu wakaurudia. Wakati huohuo lugha nayo ilikuwa ikiandikwa. Emory Rees na Joel Litu waliitafsiri Agano Jipya kwa Kimaragoli, nalo likachapishwa mwaka 1925. Aliyejifunza kusoma Neno alijifunza pia kusoma wimbo. Leo, ukipita mbele ya kanisa la Marafiki siku ya Jumapili, ni vigumu kuamini kwamba mizizi yake ni watu wa ukimya.

Wimbo wa mama na kazi ya watu watano

Mfano ulio wazi kuliko yote tunaubeba vinywani mwetu katika kila sherehe ya kitaifa. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa inajiandaa kwa uhuru, watu watano walipewa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Mchungaji Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakuuanza wimbo kutoka hewani. Waliuchukua kutoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, wimbo wa kubembeleza mtoto, ambao walipewa na Meza Morowa Galana.

Fikiria safari ya wimbo huo. Ulianza kama sauti ya mama anayetaka mtoto wake alale. Kwa upande mmoja hiki ni kipawa kitupu, kwa kuwa hakuna mama aliyekwenda chuo ili ajue kumbembeleza mwanawe. Lakini ili wimbo huo usimame usiku wa tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Kenya ikipandishwa, ulihitaji watu waliosoma muziki. Walipanga sauti zake nne, wakapima mwendo wake, wakautafutia maneno ya sala yanayokaa vizuri juu ya noti. Bila mama wa Kipokomo, wale watano wasingekuwa na kitu mikononi. Bila wale watano, wimbo ungebaki kitandani kwa mtoto. Kila tunaposimama wima kuimba "Ee Mungu Nguvu Yetu", tunaimba kipawa na mafunzo kwa pumzi moja.

Kazi ya namna hiyo iliendelea. Arthur Kemoli, mwana wa Maragoli aliyekuwa mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alizichukua nyimbo za kienyeji akazipanga kwa sauti za kwaya. Boniface Mganga aliiongoza Kwaya ya Taifa ya Muungano hadi ikasikika ng'ambo. Waliokuwa shuleni katika miaka hiyo wanajua jinsi nyimbo za namna hii zilivyozunguka katika Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lilianza mwaka 1927.

Na hilo tamasha ndilo shahidi wangu mkubwa. Sote tunazijua shule ambazo kila mwaka hupita kutoka ngazi ya eneo hadi ya taifa. Wanafunzi wa sekondari hukaa miaka michache na kuondoka. Kama ushindi ungekuwa wa waliozaliwa na sauti, ungeondoka nao, kwa sababu haiwezekani kwamba kila mwaka watoto wenye koo za dhahabu huzaliwa karibu na lango la shule moja. Lakini sauti hubadilika na kombe hubaki. Kinachobaki ni mwalimu. Na wengi wetu tumeshuhudia upande wa pili: mwalimu anapewa uhamisho, na baada ya miaka miwili shule iliyokuwa haijulikani inaanza kushinda, huku ile ya zamani ikinyamaza.

Urithi unapokosa mwanafunzi

Kuna ushahidi mwingine, na huu ni wa kuhuzunisha. Ngoma ya isukuti ya ndugu zetu Waisukha na Waidakho, wa Shinyalu na Ikolomani, ni fahari ya Kakamega nzima. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu ilikuwa kwamba wengi wa wanaoijua ngoma hiyo ni wazee, na warithi wao ni wachache.

Tafakari maana yake. Waisukha na Waidakho hawajapungua. Watoto wanazaliwa kila siku, damu ni ile ile, na mikono ni ile ile. Kama isukuti ingekuwa katika damu, isingehitaji kulindwa na mtu yeyote. Ingejitokeza yenyewe katika kila kizazi, kama rangi ya macho. Inaweza kupotea kwa sababu inaishi katika kufundishana, na kufundishana kukikatika, ngoma inanyamaza hata kama wajukuu wa mpigaji hodari wamejaa uwanjani. Kwaya inayosherehekea jubilei ingefaa kulisoma jambo hili mara mbili.

Wanaosema "kuzaliwa" nao wasikilizwe

Tusiwe wepesi wa kuifuta methali ya kwanza. Watu hatufanani. Urefu wa nyuzi za sauti kooni ni umbile, na mazoezi hayatamgeuza besi kuwa soprano. Wapo watu wachache, chini ya 5 katika kila 100, ambao ubongo wao hautofautishi vizuri noti iliyo juu na iliyo chini. Mwaka 2014 uchunguzi wa pacha zaidi ya 10,000 nchini Uswidi ulionyesha kwamba uwezo wa kutambua tofauti za noti na mapigo una sehemu kubwa ya urithi, na kwamba hata hamu yenyewe ya kufanya mazoezi huonekana kurithiwa kwa kiasi. Mwaka huo huo wataalamu waliokusanya tafiti nyingi waliona kwamba, katika muziki, mazoezi yalieleza takriban asilimia 21 ya tofauti kati ya mtu na mtu. Sehemu iliyobaki inatokana na mambo mengine, na umbile ni mojawapo.

Kwa upande mwingine, mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake waliwachunguza wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Wale waliokuwa bora kabisa, kufikia umri wa miaka 20, walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa takriban saa 10,000, wakiwazidi wenzao kwa mbali.

Basi nani yuko sahihi? Mtazame Mozart, mtoto ambaye dunia nzima humtaja ikitaka mfano wa kipaji cha kuzaliwa. Alizaliwa Salzburg mwaka 1756. Mwaka huo huo baba yake, Leopold, alichapisha kitabu cha kufundishia fidla kilichosifika Ulaya. Mtoto huyo alizaliwa mikononi mwa mmoja wa walimu bora wa wakati wake, akaanza masomo akiwa mdogo sana. Alikuwa mwana wa mhunzi, penye mivukuto. Lakini alikuwa pia na dada, Maria Anna, aliyemtangulia kwa miaka minne na nusu hivi. Walikuwa na damu moja, nyumba moja na mwalimu mmoja. Walipokuwa wadogo walizunguka Ulaya pamoja, naye alisifiwa sana kwa kupiga kinanda. Alipofikia umri wa kuolewa aliachwa nyumbani, na ndugu yake akaendelea kusafiri na baba. Hatuwezi kujua angefika wapi, kwa kuwa nafasi yake ilifungwa. Tunaposema fulani hana kipaji, mara nyingi tunachokiona ni mlango uliofungwa mapema.

Kwa hiyo utafiti hautupi haki ya kuchagua methali moja na kuitupa nyingine. Unatuambia kwamba watu huanza mahali tofauti, na kwamba hakuna anayefika bila kutembea. Na tukumbuke kipimo chetu. Uchunguzi wa Uswidi ulipima sikio linalotofautisha noti. Haukupima kama mtu anaweza kuishika alto ya wimbo wa Krismasi akiwa amesimama kati ya wenzake 30 wanaomsaidia. Kwaya haitafuti Mozart 40. Inatafuta watu 40 wanaosikilizana.

Talanta moja si kidogo

Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayofaa kuwekwa pamoja. "Kipawa" linatokana na kupawa, yaani kupewa. Ni kitu kilichotoka kwa mwingine. "Talanta" limetujia kutoka Kigiriki kwa njia ya Biblia, na kwanza lilikuwa jina la uzito wa fedha. Ni mfano wa Bwana Yesu katika Mathayo 25 ulioligeuza kuwa jina la uwezo wa mtu.

Mfano huo haufichi kwamba watu hawakupewa sawa. Mmoja alipewa 5, mwingine 2, mwingine 1, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini talanta moja ilikuwa mshahara wa kibarua wa miaka mingi, karibu miaka 20. Aliyepewa moja hakupewa kidogo. Kosa lake halikuwa kupewa moja, bali kuifukia. Na tazama pia kwamba aliyepewa 5 hakusifiwa siku aliyopewa. Alisifiwa siku ya hesabu, baada ya kazi, na aliyepewa 2 akapokea sifa ile ile kwa maneno yale yale.

Kitabu cha Kutoka kinaongeza jambo moja kuhusu Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania. Mungu alimjaza Roho, hekima na ujuzi wa kila kazi. Kisha sura ya 35 inasema kwamba alitiwa pia moyoni mwake kufundisha wengine, yeye na Oholiabu. Kipawa cha kufanya kilikuja kimefungwa pamoja na kipawa cha kufundisha. Anayejua kuimba na hafundishi amepokea nusu tu ya zawadi, au ameifukia hiyo nusu ya pili.

Hesabu ya Jumamosi

Sasa tuilete hesabu nyumbani. Chukua kwaya inayofanya mazoezi saa 2 kila wiki. Tuondoe wiki chache za mvua, za mavuno na za misiba, tuseme wiki 50 kwa mwaka. Hizo ni saa 100. Mwanakwaya wa miaka 10 ambaye hakosi ana saa 1,000. Atakayeimba miaka 50 atakuwa na saa 5,000, nusu ya zile za kijana wa fidla wa Berlin mwenye miaka 20. Hesabu hii inatunyenyekeza, lakini inatufundisha pia. Inaonyesha kwa nini aliye na sauti tamu lakini huja siku ya kurekodi tu, humpotezea noti jirani yake, wakati yule aliyeambiwa hana sauti, akija kila Jumamosi kwa miaka 10, ndiye ambaye sauti nzima ya tenor humtegea sikio.

Ushauri unaotokana na historia hii ni rahisi kuutaja, ingawa kuutekeleza kuna gharama. Kijana akija na sauti isiyotulia, tusimpe hukumu ya siku moja. Tumweke kati ya wawili wanaojua, tumpe mwaka mmoja, kisha tumsikilize tena. Solfa irudi kwenye ubao, kwa maana kukariri kutoka kwenye simu kunatupa wimbo mmoja tu, lakini kusoma kunatupa kitabu kizima. Wenye sauti zinazosifiwa wafundishe Shule ya Jumapili, ili mtoto wa Malava asikie noti njema akiwa bado mgongoni. Wasichana wetu wasipotee kwenye kwaya mara tu wanapoolewa, kama yule dada wa Salzburg. Na kila mwalimu wa kwaya awe na mwanafunzi mmoja anayemwandaa kusimama mahali pake, ili yaliyoikuta isukuti yasitukute.

Basi katika kurasa hizi za jubilei, tukitazama picha za waliotutangulia, tuwashukuru kwa haki. Tumshukuru Mungu aliyewapa pumzi, maana hiyo hakuna aliyeinunua. Na tuwashukuru wao kwa mambo waliyoyaongeza juu ya pumzi hiyo: kutembea gizani kati ya mashamba ya miwa baada ya mazoezi, kurudia mstari mmoja mara ishirini hadi besi iingie, kumvumilia asiyeshika noti hadi akashika. Waimbaji wa Daudi walikuwa 288, mwalimu pamoja na mwanafunzi, na kura iliwaangukia wote sawasawa. Kwaya yetu nayo bado ina nafasi kwenye benchi, na mazoezi ni Jumamosi.